Jina ni la Aliyeshika Kalamu

Paskali rafiki yangu,

Nimelipwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza: "Wamekulipa?" Ndiyo, ndugu yangu. Kwa kazi ya mazishi yako.

Unakumbuka tulivyoanza? Mkoa ulikuwa mpya, kila wiki mgeni rasmi, kila mgeni rasmi na risala yake, na zote tuliziandika mimi na wewe kwenye stesheneri ya yule mzee pale stendi. Yeye alitia jina lake chini, sisi tukapewa chai na andazi. Siku uliyomwambia, "Mzee, shikamoo, na kwaheri," nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ndipo tukaanzisha kikundi chetu cha uandishi mtaani Maisaka, watu saba, ukaandika kanuni kwa mwandiko wako ule mzuri: jina ni la aliyeshika kalamu, na malipo ni yake. Risala, mashairi ya harusi, wasifu wa marehemu, kila mtu akala jasho lake. Jamani, tulijivuna!

Kisha kiharusi kikaupiga mkono wako huohuo wa kuandikia. Kichwa kilibaki kizima, na ulimi wako mkali vilevile. Ukawa umelala kwako Bonga unatunga, na mkeo, Mama Neema, anaandika. Akatuletea shairi la harusi, likasomwa, ukumbi mzima ukasimama kushangilia. Na sisi tukakaa kikao kuamua kama ulipwe.

Umekufa, huwezi kunikatiza, basi niseme. Mimi ndiye niliyesoma kanuni yako kwa sauti. Nikasema kalamu kashika shemeji, na shemeji si mwanachama. Nikasema tukimlipa asiyeandika tumemrudisha mzee wa stesheneri. Wote wakakubali. Ulikuwa wivu tu, Paskali. Hata ukiwa kitandani ulinishinda kutunga, nami nilifurahi kupata pa kukubania. Ukatuma jibu: "Sheria ni msumeno. Sawa." Hiyo sawa yako! Shemeji akauza cherehani anunue dawa, nasi tukajifanya hatujui.

Ulipofariki nikapewa wasifu wako niuandike. Familia ililipia kama watu wengine, maana kwenye kanuni uliandika pia: hakuna kuandika bure, hata kwa ndugu. Nilikaa mchana kutwa sikupata mstari. Shemeji akanionea huruma, akatoa karatasi mbili chini ya mto wako. Ulikwishautunga mwenyewe, yeye akiandika. Na pale katikati: "Alikuwa na rafiki mmoja aliyemwamini." Ukanitaja kwa jina.

Nikanakili kwa mwandiko wangu. Nikasoma kaburini, watu wakalia, padri akanishika mkono, "Umeandika vizuri sana." Shemeji alikuwa amesimama pembeni yangu kabisa. Nikasema asante. Jumamosi nikasaini kwenye daftari la kikundi, nikapokea.

Pesa sijazigusa. Jana nilizipeleka Bonga, nikapiga hodi weee. Nilimsikia shemeji akikohoa ndani. Hakufungua, na ningekuwa yeye nisingefungua.

Nakuahidi hivi: kesho ni kikao. Nitasimama niseme yale maneno yalikuwa ya nani, na kaburini nilimdanganya nani. Wakinifukuza, wanifukuze. Kisha nitarudi Bonga, na kesho kutwa, mpaka mlango ufunguliwe.

Kwaheri, Paskali. Sikuombi msamaha, najua ungeniuliza bei yake. Ila barua hii nimekuandikia bure, na safari hii mwandiko ni wangu, na maneno ni yangu.

Rafiki yako mmoja