Kamba Katikati ya Uwanja

Nyahanga, Kahama
Jumanne, mwezi wa Julai

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikikukuta mzima nitamshukuru Mungu, na ikikukuta bado unachechemea nitakasirika, maana ile dawa ya kuchua goti niliyokutumia najua umemgawia jirani. Mimi sijambo. Nakula na kulala tena, mambo ambayo wiki iliyopita yalinishinda yote mawili. Nisalimie wanajumuiya wote, na Mama Violeth umwambie kitenge chake nimekipata. Na Baba je, sauti imerudi? Juzi kwenye simu uliniambia amerudi kutoka semina ya makatekista hawezi hata kukuitikia hodi, kwamba amekwambia ni vumbi la Kahama, na kwamba unamchemshia tangawizi asubuhi na jioni. Endelea kumchemshia.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia kwa mkono wakati simu ipo. Mama, simu yako tangu uzoee kuiweka spika haina siri hata moja. Nikikuambia neno, Baba analisikia kabla yako. Kwa hiyo nimempa Paskalia, anayekuja huko, barua hii akukabidhi mkononi pamoja na kifurushi. Tafadhali usianze na kifurushi, nakujua. Soma kwanza, na usome ukiwa peke yako.

Unakumbuka nilikuambia nimepata kazi kubwa, si zile kadi za harusi na fulana za msiba za kila siku. Mwenye kazi ni Bwana Eustace, mwandaaji wa matamasha hapa mjini. Alitaka programu ya simu ya kuuzia tiketi: mtu analipa akiwa kwake, tiketi inaingia kwenye simu, langoni inasomwa kwa kamera, anapita. Ghati, yule binti wa Tarime ninayechangia naye ofisi, aliandika programu yenyewe. Mimi nilipewa sura yake, yaani jina, nembo, rangi, na maneno ya kwenye vitufe. Na tamasha la kwanza kuuzwa humo lilikuwa mashindano ya ngoma baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya Kisukuma yanayoshindana tangu enzi za mababu.

Hapo najua umeshika kifua, kwa sababu unamjua manju wa kundi la Bagalu, yule anayewaongoza kwa nyimbo. Ndiyo, ni Thobias wetu. Mwaka wa pili huu tangu Baba amwambie asikanyage nyumbani mpaka aachane na ngoma. Kwa Baba lilikuwa kosa juu ya kosa, katekista kuwa na mtoto wa ngomani, halafu mtoto mwenyewe anakwenda kuimba na Bagalu wakati babu yetu alizikwa akiwa Mgika. Nawe tangu siku ile unamkaangia karanga, unamwekea kwenye kopo, zikichacha unamwaga na kukaanga nyingine, unadhani hatukuoni.

Sasa sikiliza nilichokifanya. Rangi zilinitesa wiki nzima, maana nchi hii kila rangi ina mwenyewe. Ukigusa kijani utaulizwa habari za chama, ukigusa nyekundu utaulizwa habari za mpira. Nikaangukia chungwa kwa Bagalu na samawati kwa Bagika. Programu nikaiita Lango. Nembo nikachora ngoma mbili zinavyoonekana ukizitazama kutoka juu, duara la chungwa na duara la samawati. Halafu nikaja na wazo ambalo Eustace alilipenda mpaka akatuagizia kuku. Mnunuzi atachagua upande wake, na kila tiketi ikiuzwa duara la upande huo litakua palepale kwenye simu ya kila mtu. Nilimwambia hii ni nembo inayopumua. Nilijiona fundi kweli kweli.

Mama, mimi nimekulia kwenye uzio wa parokia. Ngomani mlinikataza hata kuchungulia. Nilidhani ni kama mpira, kila mtu na timu yake na jukwaa lake. Thobias ningemwuliza angeniambia, lakini nilimficha, nilitaka nimshangaze. Sikujua kwamba makundi mawili huanza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watu huwa huru kukimbia huku na kule, mara wimbo umewavuta hapa, mara mchezo umewavuta pale, na jioni aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Kule kukimbia ndiko hukumu yenyewe. Mimi nilikuwa nimewauzia watu hukumu kabla ngoma haijapigwa.

Bagika wana watu wengi hapa mjini, na wenye simu nzuri ndio walioanza kununua. Duara la samawati likakua kidogo, na kila aliyefungua programu akaliona. Nani anataka kulipa hela yake akasimame na wanaoshindwa? Hata wanaompenda Thobias wakabonyeza samawati. Ikafika Ijumaa, duara la Bagika limejaa kioo kama ungo, la Bagalu limebaki kama kizibo cha soda. Eustace alikuwa anacheka peke yake ofisini. Mimi nilianza kuhisi baridi.

Jioni hiyo Thobias akanipigia. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniuliza tu kama ni kweli kile kitu ni kazi ya mkono wangu. Nikamwambia ni kweli. Akanieleza. Mfadhili wa kundi lao anaitwa Enock, mwenye mashimo ya dhahabu huko Geita. Lori ni lake, ngoma ni zake, hata mavazi alinunua yeye. Siku zote manju hushindana kwa dawa ya mvuto, sasa vijana wa Enock walikuwa wanasema safari hii dawa imetiwa kwenye simu, na aliyeitia ni dada wa manju wao. Maana yake Thobias ameliuza kundi. Enock alimwambia mbele ya wote kwamba upande wao ukibaki mtupu mpaka jua linainama, asitafute nafasi kwenye lori, na watakachomfanya vijana yeye hatakuwa amekiona. Nilimwomba Thobias asije. Alisema asipokuja ndiyo atakuwa amekiri.

Usiku ule sikulala, Mama. Wewe unaijua hii mikoa yetu, neno moja likishamwangukia mtu halimtoki.

Jumamosi nilimwahi Eustace uwanjani. Alikuwa amefunga kamba katikati, kutoka goli hadi goli, na mabaunsa wamesimama kuilinda. Nikamwomba aifungue, nikamweleza ngoma inavyochezwa na nini kitampata ndugu yangu. Akanijibu kwamba kila upande una wadhamini wake, wamelipia watu wa rangi yao, na kama nina huruma sana ningekuwa nayo wakati nachora. Ghati aliyazuia maduara yasiendelee kukua, lakini ilikuwa kazi bure. Watu walikwishaingia. Upande wa samawati walikuwa wanakanyagana. Upande wa chungwa kulikuwa na vijana wa Enock na fimbo zao, akina mama wachache wa kutoka Tinde, na majani.

Ngoma zikaanza. Bagika walipata shangwe hata kabla hawajafanya lolote. Kwetu Thobias alitoka na njuga zake na vazi lake la manyoya, akacheza mbele ya nyasi. Alicheza vizuri, Mama, usimwamini mtu atakayekuambia vinginevyo. Niliona shingo za watu wa samawati zinamgeukia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akainama apite chini ya kamba, baunsa akamrudisha akimwambia tiketi yake ni ya bluu. Wengine walipoona hivyo wakatulia. Na kila wimbo ulipokwisha, vijana wenye fimbo walisogea karibu zaidi na ngoma. Enock alikuwa amekaa juu ya boneti ya gari lake, anatazama jua.

Ndipo Thobias akanyamazisha wapigaji. Akavua njuga, akaziweka chini, akaimba peke yake. Unajua manju akirusha wimbo lazima aitikiwe, bila hivyo ni mtu anayepiga kelele. Aliimba kwa Kisukuma, akakutaja wewe kwa jina, kwamba yeye ni mwana wa Mektilda, amezaliwa nyumba ya sala, amekuja kwenye uwanja usio na watu, ni nani wa kumwitikia. Hakuna aliyeitikia. Wachezaji wake waliangalia chini, walikuwa wanamwogopa Enock. Akarudia. Kimya. Vijana wawili wakawa wamekwisha kusimama nyuma yake kabisa. Mimi nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili nalia kama mtoto, na simu niliyojivunia iko mfukoni, haina msaada wowote.

Akarudia mara ya tatu, na safari hii akaitikiwa.

Sauti ilitoka nyuma kabisa ya umati wa samawati. Haikuwa sauti tamu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuongoza watu bila kipaza sauti. Watu wakageuka. Mzee mmoja mwenye kofia alikuwa anapenya katikati yao, anaitikia huku anatembea, na pale Thobias alipoongeza ubeti, mzee naye akauchukua, anaujua mwitikio wake wa zamani ambao hata wachezaji hawakuujua. Alipofika kwenye kamba baunsa akamshika shati, akamtaka aonyeshe tiketi. Mzee akainua simu, na kweli tiketi ilikuwa ya samawati. Akaiacha hivyo hivyo juu kila mtu aione, kwa mkono wa pili akainyanyua kamba, akapita. Kofia ilianguka, hakurudi kuiokota.

Yule mama mwenye mtoto akapita nyuma yake. Halafu akapita kila mtu. Sikuona kamba ilikatika saa ngapi, nilijikuta tu nimeshika kipande. Vumbi lilifunika uwanja, na tangu hapo mpaka jioni watu walikimbia huku na kule kama inavyotakiwa, mabaunsa wakaamua kuangalia ngoma. Mwishowe Bagika walishinda kwa watu wachache sana. Tulishindwa, Mama, lakini tulishindwa na ngoma, na hakuna aliyesema neno kuhusu simu. Enock alikuja akamfuta Thobias jasho kwa shati lake mwenyewe, na kwenye lori alimketisha mbele.

Sasa mshike Mungu, Mama. Yule mzee ni Baba.

Semina ya makatekista haikuwepo. Alipanda basi kutoka Ushirombo asubuhi, akakaa nyuma kwa Bagika, upande wa baba yake, akiamini hatuwezi kumwona. Nilipomwuliza alikuwa na maana gani kuja, alisema alitaka tu kuhakikisha mtoto hapotei. Tiketi, naomba usicheke kwa sauti, aliinunua kwa ile simu aliyopewa na parokia kwa ajili ya mambo ya mafundisho. Na sauti yake haikuchukuliwa na vumbi. Ameiacha uwanjani, alimwitikia mwanao mpaka jua lilipozama.

Thobias aliijua ile sauti tangu neno la kwanza. Nilimwona akijikwaa mahali pasipo na kitu. Ngoma zilipokwisha walisimama wakatazamana, wote wawili hawana sauti, Baba akamshika shingoni, akamtikisa kidogo, wakabaki hivyo muda mrefu huku watu wanawapita. Halafu Baba akanigeukia mimi, akaninong'oneza mambo mawili. La kwanza, nisithubutu kukuambia, kwa sababu jumuiya nzima itajua kabla chai haijachemka. La pili, kwamba Jumamosi ijayo anahamisha zizi na hana mtu wa kumsaidia kubeba nguzo. Alisema maneno hayo kwangu, lakini macho yalikuwa kwa Thobias.

La kwanza ndilo hili nimelivunja. Nisamehe kwa niaba ya Baba, na usiniuze. Lakini nisingeweza kukuacha unachemsha tangawizi bila kujua unaichemsha kwa ajili ya nini. Thobias atafika Jumamosi asubuhi. Baba atajifanya ameshangaa, nawe ujifanye umeshangaa zaidi. Zizi lenyewe najua halina tatizo lolote.

Kuhusu kazi yangu, usiwe na wasiwasi sana. Eustace alifoka siku mbili, leo amenipigia anataka nichore upya. Nimekwisha kumwambia kutakuwa na duara moja tu, na kitufe cha kuchagua upande nimekitoa.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Nikipata nafasi nitakuja kabla ya mvua, na wewe nipunguzie yale maswali ya harusi. Sasa unaweza kufungua kifurushi. Ni kofia ya Baba, ile aliyokuambia ameisahau kwenye basi. Nimeipiga vumbi lakini ukingo umebonyea alipoikanyaga mtu. Itundike kwenye msumari wake, usimwambie kitu, mwache aikute.

Na kaanga karanga, Mama. Safari hii hazitachacha.

Mimi mwanao akupendaye,
Dorika