Maji Mdomoni Mpaka Jumapili

Jumatatu, 6 Januari

Haya daftari, leo unaanza kazi. Mchungaji ndiye kanipa. Kasema, mama, maneno yakikuwasha yaandike humu, halafu funga. Kacheka. Na mimi nikacheka, lakini huyu baba hajui nawashwa kiasi gani!

Iko hivi. Shirika la kanisa — hao hao waliotuchimbia kisima, wakajenga yale madarasa mawili ya mabati, wakanifundisha na mimi kuandika vizuri kwenye darasa la watu wazima nikiwa na miaka arobaini na minne — mwaka huu wanasomesha watoto sita wa hapa kijijini. Shule ya bweni, miaka minne, kila kitu juu yao. Maombi yalikuja thelathini na moja! Kamati ya kuchagua tuko watano, na mimi mmoja wao. Mimi! Niliyeishia darasa la tatu! Katibu wa shirika alisema wananitaka kwa sababu nashika ufunguo wa pampu. Kila nyumba inakuja kwangu na ndoo, kwa hiyo najua nani kalala njaa na nani anajifanya. Kweli kabisa, hapo hakukosea.

Leo tumemaliza. Majina yatasomwa kanisani Jumapili. Sheria ni mbili, na Katibu kazisoma huku ananiangalia mimi tu, na miwani yake. Ya kwanza: jina likivuja kabla ya Jumapili, nafasi zote sita zinakwenda kijiji kingine. Mwaka jana yaliwakuta wale wa ng'ambo ya mto, na mpaka leo hawasalimiani. Ya pili: mtoto asipokuwepo Jumapili kusimama na mzazi wake, nafasi yake anapewa wa saba, wa akiba.

Watu wananiita Redio. Siku sita redio izimwe!

Basi nasema hapa hapa. Namba nne ni Wakili! Binti wa rafiki yangu Fundi Cherehani! Tunamwita Wakili maana tangu aanze kuongea hajakubali jambo lolote bila kubisha. Na wa saba, wa akiba, ni binti wa kaka yangu. Walipomjadili walinitoa nje, ndiyo taratibu.

Ahaa. Nimepumua.

Jumanne, 7 Januari

Jamani! Foleni ya pampu leo imepita duka la sabuni ikafika kwenye ukuta wa kanisa. Hawa watu hawana kiu, wana hamu! "Redio, taarifa ya habari vipi?" Kimya. "Betri zimekwisha!" Vicheko. Mwingine kasema nipigwe kofi kidogo mgongoni, redio za zamani huwa zinashika hivyo.

Yule bibi mwenye jino moja ndiye hatari. Kaanza kutaja watoto mmoja mmoja huku kanikazia macho puani, eti pua yangu hucheza nikijua jambo. Nikaigeuza pua. Nikajifanya nakaza nati.

Ndipo nikapata akili. Nikakinga maji, nikajaza mdomo, mashavu yakavimba kama nimeng'atwa na nyuki. Sasa nisemeje? Saa tatu nzima! Nikimeza, najaza tena. Nusu ya kisima iko tumboni mwangu.

Nyumbani mume wangu — yeye ana maneno kumi kwa siku, siku za sikukuu kumi na mbili — kaona nakula kimya. Kanyoosha mkono, kanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Jumatano, 8 Januari

Maji mdomoni. Chooni mara tisa. Sijasema kitu. Nakufa!

Alhamisi, 9 Januari

Leo mambo yameharibika.

Fundi kaja kuteka maji mwenyewe. Mimi na yeye tumejuana tangu tuko wasichana wadogo tunachezea udongo, kila siku namwambia mambo hata hajatua ndoo. Leo kanikuta mashavu yamejaa. Kasogea, kauliza polepole watu wasisikie, Wakili wangu yumo?

Nilitaka kulia! Nikameza kwa haraka, maji yakaenda njia siyo, nikakohoa mpaka machozi yakatoka. Nikageukia mpini wa pampu, nikaushika kwa mikono miwili. Nilipogeuka tena, Fundi hayupo. Kaondoka na ndoo isiyofika nusu.

Jioni wifi yangu, mke wa kaka, kaja kuazima pasi. Kaniambia, umesikia, Fundi anamsafirisha Wakili keshokutwa! Anakwenda mjini kwa mjomba wake, akalee kichanga na kukaa dukani. Lori la mbao limeshakubali kumchukua. Nikamwuliza kwa nini tena, ghafla hivi? Wifi kanishangaa.

"Si wewe umemwambia?"

"Mimi! Nimesema nini?"

"Hukusema. Wewe unyamaze mbele ya Fundi huku una habari njema? Wewe? Tena wameona ulivyolia. Kijiji kizima kinajua mtoto kakosa."

Yaani nimenyamaza na habari imeenea! Tena ya uongo! Miaka yote nasema ukweli wanasema naongeza chumvi, leo sijafungua mdomo wameamini wote.

Halafu wifi kapangusa pasi vumbi, kasema haya, mmoja kapungua, labda na wetu atapata. Kacheka tu, hajui kitu. Lakini mimi najua. Wakili akipanda lori, Jumapili hayupo, na binti wa kaka yangu ndiye anasimama. Sihitaji kufanya lolote. Ninyamaze tu, kama nilivyoagizwa.

Nimeandika hivyo, nimesoma, nimeona aibu. Sifuti.

Ijumaa, 10 Januari

Mchungaji hayupo. Kaenda kuzika, anarudi Jumapili asubuhi. Nikapanda mlima mpaka kwenye jiwe lenye mtandao, nikampigia Katibu. Kanisikiliza vizuri. Kasema mama, ukimwambia mmoja umewaambia wote, na hao watoto watano wengine wamekosa nini? Nikamwambia basi niseme tu asisafiri, nisitaje sababu. Kasema, hiyo ndiyo kumwambia! Simu ikakatika. Au kaikata.

Nikashuka, nikapita nyumbani kuchukua gauni langu la zambarau, nikaenda kwa Fundi.

Chumba kile nakipenda. Cherehani chini ya dirisha, vipande vya vitambaa mpaka kwenye kizingiti, chaki kila mahali, hata kwenye nywele zake. Anamshonea Wakili sketi ya safari. Na Wakili yuko sakafuni, anapanga nguo kwenye sanduku la bati, moja moja. Nikamchokoza, nikamwambia kijani hakikupendezi. Kaniangalia. Kasema, "Sawa, mamdogo."

Sawa! Wakili kasema sawa!

Nikasema Fundi, nipunguzie hili gauni, nalitaka Jumapili. Kasema weka hapo. Nikasema, na Wakili angengoja mpaka Jumatatu, akakusaidia vifungo. Fundi kazuia gurudumu kwa kiganja. Cherehani ikanyamaza.

"Angoje nini? Akae kanisani wenzake wanaitwa mbele, yeye anahesabu vidole? Bora asiwepo."

Nikampa mgongo, nikaokota vipande vya vitambaa.

"Na wewe ungeniambia tu," kasema. Hakunitazama. "Mambo ya watu wote unaniletea. Langu moja, unaniacha nilisome mgongoni mwako."

Nikatoka. Gauni nimeliacha huko, chaki nimerudi nayo kwenye kanga yote. Mume wangu kaniona nimekaa mlangoni sijawasha taa. Sikumwambia kitu. Kaja, kakaa karibu. Maneno yake yote ya leo kayabana, kaniuliza moja: "Fundi?" Nikaitikia kwa kichwa. Yeye pia anapenda kelele zangu, hasemi tu.

Jumamosi, 11 Januari

Naandika nikiwa barabarani. Nimekalia sanduku la Wakili.

Ndiyo! Lori la mbao hili hapa, linanguruma. Nilifika wakati wanaagana. Utingo alikuja kulibeba sanduku, mimi nikawahi, nikaketi juu yake puu! Kabla ya hapo nilipita pampuni nikajaza mdomo, kwa hiyo hata nikichokozwa vipi haitoki herufi. Katibu kakataza kusema. Kukaa hakukuandikwa popote. Daftari nimelileta kwa makusudi, maana mkono ukikosa kazi mdomo utafanya.

Watu wamejaa. Wanasema nimegombana na Fundi. Mmoja kasema ni gauni, kaniharibia gauni. Vizuri! Waendelee na gauni hilo hilo!

Utingo kasema mama, hilo sanduku siyo kiti. Dereva kapiga honi mara tatu. Bibi mwenye jino moja kafika, kapenya katikati ya watu. "Pua! Iangalieni pua!" Nimeinamia daftari, wataona kitambaa cha kichwa tu.

Wakili kaja kusimama mbele yangu, mkono kiunoni. "Mamdogo, unakalia mali ya mtu kwa haki gani? Nina mashahidi hapa zaidi ya ishirini!" Wakili karudi! Nusura nicheke nitapike maji yote.

Dereva kasema anahesabu mpaka kumi.

Fundi kanijia. Kachuchumaa mbele yangu na sindano bado iko kifuani kwenye blauzi. Kaniinua kidevu. Kaangalia mashavu. Kaniangalia machoni kama anavyoangalia tundu la sindano, jicho moja kalifumba kidogo. Muda mrefu. Na mimi sijakwepa, sijakohoa, sijageukia kitu. Nimemwangalia tu.

Dereva kafika sita.

Fundi kashika kishikio cha sanduku. Sijui anavuta au anajishikilia.

"Saba!"

Kasema neno moja tu. Sogea.

Nimesogea. Kidogo — nafasi ya mtu mmoja, na Fundi kakaa.