Wembe Wangu wa Kufumulia

Malaba, Jumatano, jioni

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Malori yamejipanga hadi mbele ya kibanda changu, na dereva mmoja ameegesha lake mlangoni kabisa, hata mteja hawezi kupita bila kujipaka matope. Siku nyingine ningetoka nimpe maneno yake. Leo nimemwacha. Hasira niliyo nayo ni ya watu wengine, sitaki kuimalizia kwa dereva wa watu.

Nimekasirika. Wacha niandike hivyo kwanza.

Nina binti wa miaka kumi na moja, yuko gredi ya sita. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, akasema sawa bora nisitaje jina lake. Basi hapa ataitwa Asio. Ni mrefu kwa umri wake, amenifikia begani, na mwaka huu mwili umeanza kubadilika. Makwapani nywele zimeota. Si nyingi. Hata ningezisahau kama si mambo ya wiki hii.

Mimi ni fundi wa nguo. Shule yake ilinipa kazi ya kushona nguo za ngoma, kwa sababu Ijumaa wasichana wanaenda kwa tamasha la muziki pale Amagoro. Ngoma yenyewe ni ya Kiteso, ya kuinua mikono na kutikisa mabega, kwa hivyo nguo haina mikono. Asio ndiye anaongoza mstari wa mbele. Amefanya mazoezi muhula mzima. Anacheza akiosha vyombo, anacheza akianika nguo, na juzi alicheza akingoja maziwa yachemke mpaka yakamwagika yote kwenye jiko. Hakuna kitu duniani mtoto huyu anakitaka kama hiyo Ijumaa.

Sasa sikia. Jumatatu Madam wa muziki aliwapanga wasichana mstari wajaribu nguo, na wavulana wanaopiga ngoma wamekaa hapo hapo wakiangalia. Akawaambia wainue mikono juu. Akapita akikagua makwapa, moja baada ya lingine, jameni, kama mtu anakagua meno ya ng'ombe sokoni. Alipofika kwa Asio akasimama.

"Wewe umeshakuwa mama mzima na hujijui? Majaji wanatoa maksi za unadhifu. Alhamisi uje kama umenyoa, ama urudi mstari wa nyuma."

Wavulana wakacheka. Mmoja akampa jina papo hapo: Msitu.

Haya yote sikuyajua mpaka leo aliponisimulia. Asio alirudi nyumbani akasema tumbo linamuuma, akalala. Jana hakwenda mazoezi. Alishinda amebana mikono mbavuni kama kuku aliyenyeshewa. Nilimuuliza kuna nini, akasema hakuna, na mimi na haraka zangu za kumaliza kazi ya shule nikakubali hakuna.

Leo saa ya chakula cha mchana akapitia hapa kibandani. Nikamwambia ajaribu nguo yake nimalizie kiuno. Nikasema, inua mkono. Hakuinua. Nikasema tena, kwa ile sauti ambayo kila mama anayo. Akainua kidogo, akajiuma mdomo, nikaona shati la shule lina damu kwapani.

Wembe.

Sisi mafundi tunafumua mshono kwa wembe. Wangu nauvunja nusu, naufunga kitambaa upande wa kushikia, nauweka kwa droo ya cherehani pamoja na chaki na sindano. Huo wembe umefumua suruali za madereva, sare za shule, mapazia ya loji zote za hapa barabarani. Umeanza kushika kutu. Ndio huo Asio alichukua jana nilipotoka kununua uzi. Akajifungia bafuni, bila maji, bila sabuni, bila kioo, akajikwangua. Kwapa la kushoto lilitoka na mikwaruzo tu. La kulia, ambalo alinyoa kwa mkono ambao hajazoea kuutumia, alilichana. Amelala na kidonda hicho, ameamka nacho, amekaa nacho darasani, na hajasema neno.

Nilitaka kumchapa. Nilitaka kumkumbatia. Nikaishia kupiga kelele: kwa nini hukuniambia?

Akajibu polepole, "Si wewe ulisema hayo niulize senge?"

Woi.

Ni kweli nilisema. Senge ndilo jina tunalomwita shangazi sisi Waluhya, dada ya baba. Kwetu, mambo ya mwili wa msichana si ya mama. Mama anapika, anagombeza, anaomba. Mambo ya mwili yanasemwa na senge, na mimi mwenyewe yote niliyojua niliambiwa na senge yangu nyuma ya ghala la mahindi. Kwa hivyo likizo iliyopita Asio aliponiuliza kuhusu hizo nywele, nilimwambia ngoja senge yako aje. Senge yake ni Imakulata, dada mkubwa wa mume wangu, ameolewa Tororo, Uganda, hapo tu ng'ambo ya mpaka. Krismasi alisema anakuja. Pasaka alisema anakuja. Na mimi nikaketi nikingoja mila ivuke mpaka na basi.

Nilifunga kibanda, nikampeleka zahanati adungwe sindano ya pepopunda. Nesi akaangalia kwapa, akaniangalia mimi, akanitupia methali: "Mama, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Mbele ya foleni nzima. Nilinyamaza kwa sababu ndiye ameshika sindano. Lakini nilitaka kumuuliza, sasa nifanye nini? Nikimfundisha nitaambiwa nimeruka mila. Nisipomfundisha naambiwa nimemwachia ulimwengu.

Tukitoka hapo nikampigia Imakulata. Sikumsalimia vizuri, nakubali.

"Banange!" akashangaa kwa Kiganda chake cha ng'ambo. "Mtoto wa miaka kumi na moja ananyoa nini? Na wembe wa cherehani! Wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa nakungoja wewe."

"Na mimi nilikuwa nangoja uniite! Senge anaitwa, nyabo, hajiiti kama mgeni wa kudai chai."

Kila mtu alikuwa amemheshimu mwenzake, na mtoto katikati yetu akaenda kutafuta mwalimu wake ndani ya droo. Imakulata alilia kwenye simu, na mimi nilimkasirikia hata kwa hilo, kwa sababu ningetaka kulia mimi.

Kurudi kibandani, habari ilikuwa imenitangulia. Malaba hii! Mama Faith, ambaye anauza vipodozi kibanda cha pili, alikuja na krimu kutoka ng'ambo, ati unapaka, unangoja, unafuta, na binti yake alianza akiwa na miaka kumi hakuna shida. Mteja aliyekuja kuchukua sketi yake akasema hapana, mpaka afike sekondari, mtoto akinyoa mapema zinaota ngumu kama miiba na watu wataanza kumwangalia vibaya. Mama Faith akasema watu watamwangalia vibaya akinuka. Mteja akasema kunuka ni jasho, jasho linaoshwa na sabuni, toka lini nywele zikawa uchafu? Wakabishana juu ya kwapa la mtoto wangu kama ni bei ya nyanya, na mwenye kwapa ameketi hapo kwa benchi, kichwa chini. Nikampigia mume wangu, ambaye kazi yake ni kushughulikia karatasi za malori hapo mpakani. Akasikiliza yote, akapumua, akasema, "Hayo si ni yenu wanawake?" Nikakata simu.

Kila mtu ana umri wake. Kumi. Sekondari. Akivunja ungo kwanza. Akiolewa. Najua hata hapa chini kwa komenti mtakuja na wenu. Na hakuna hata mmoja leo aliyemuuliza Asio anataka nini. Nami nilikuwa mmoja wao.

Nikawafukuza wote kwa heshima nusu. Nikachukua vitambaa vilivyobaki, nikaanza kukata mikono. Niliamua nguo zote za ngoma zitakuwa na mikono ya kufika kwenye kiwiko, Madam akitaka asitake, halafu tuone atakagua nini. Nilikanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

"Mama, unafanya nini?" Asio akauliza.

"Naweka mikono."

"Usiweke." Akainuka kutoka kwa benchi. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza alilolisema kwa sauti tangu Jumatatu. "Tutafanana na kwaya ya kanisa. Mabega yakifunikwa ngoma haionekani. Usiweke, mama, tafadhali."

Nikasimamisha cherehani. Ndipo nikamuuliza, nikiwa nimechelewa kuliko Imakulata: wewe mwenyewe unataka kunyoa?

Akafikiria. "Sijui. Sikuwa naona ubaya wake. Mimi nilitaka tu nisirudishwe nyuma."

Hiyo tu. Mtoto hakuwa na shida na mwili wake. Shida aliletewa shuleni, akapokelewa kimya nyumbani, na mimi ndiye nilikuwa nimeweka wembe karibu.

Halafu akaniuliza, akiangalia sakafu, "Mama, kwani wewe unanyoa?"

Miaka kumi na moja nimeishi na huyu mtoto, na hajawahi kuona kwapa langu. Mimi ni mtu wa sweta, jua au mvua. Nikaangalia mlangoni. Lile lori lilikuwa limeziba barabara yote, hakuna mtu angeweza kuona ndani, Mungu ambariki yule dereva. Nikavua sweta. Nikainua mkono mpaka juu, karibu niguse mabati.

Asio akainama, akachungulia. Macho yakamtoka.

"Mama! Na wewe ni Msitu!"

Akacheka. Akacheka mpaka akashika kwapa kwa uchungu, na bado akaendelea kucheka, na mimi nikiwa hapo mkono juu kama naapa kortini. Nilikuwa sijasikia hicho kicheko tangu Jumapili, na hapo ndipo machozi niliyokuwa namwonea wivu Imakulata yakanijia.

Nikamwambia ukweli. Kwamba nikitaka nanyoa, nisipotaka naacha, na wakati wa kupanda mahindi hata sikumbuki ninazo. Kwamba jasho ni la maji na sabuni kila siku, hilo ni lazima. Kwamba siku akitaka kunyoa, aje aniambie mimi, nitamfundisha na wembe mpya na maji ya moto, iwe ni mwaka huu ama ni akiwa na wajukuu. Imakulata akija atakuta chai, na kama ana la kuongeza aongeze.

Mikono niliyokata nimeitia kwa gunia la vitambaa. Nguo zitaenda kama zilivyokuwa.

Kesho Alhamisi ni mazoezi ya mwisho, na nguo nitazipeleka mwenyewe. Ninayo gauni ya kitenge isiyo na mikono, niliishona kwa harusi ya shemeji na sijawahi kuitoa nje bila sweta juu yake. Kesho naivaa bila sweta. Nitaziinua zile nguo juu, moja moja, Madam akague mshono, na wale wavulana wa ngoma wakiwa hapo hapo. Kama kuna mtu wa kurudishwa mstari wa nyuma kwa sababu ya nywele, aanze na mimi. Na nikimaliza nitamwomba faragha, nimwambie kuhusu zahanati na damu kwenye shati, na sitapiga kelele. Nitajaribu kutopiga kelele.

Naogopa? Naogopa sana. Mwalimu ni mwalimu, na anaweza kumtoa Asio kabisa ili anikomeshe mimi. Hilo nimelifikiria mpaka kichwa kinauma.

Lori limeondoka sasa hivi, mwanga umeingia. Asio yuko hapo nje chini ya mabati, anatuchemshia chai kwa jiko. Anafikiri simwoni. Anacheza. Mkono wa kushoto uko juu kabisa, wa kulia unafika begani, anakunja uso, anaushusha, anaujaribu tena.