Mabawa Mafupi

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Hyattsville, Marekani, tu wazima, ila baridi inatuonea. Baba yako hatumwoni; akitoka kazini hotelini anaingia kuendesha teksi.

Umeniuliza kwa nini Waingereza wa zamani walifupisha mabawa ya ndege zao za mashindano. Ujanani, Nairobi, nilimshonea mzee mmoja Mwingereza kitambaa cha kufunika mabawa ya ndege kama hiyo, bawa juu ya bawa, nami nikamuuliza hilohilo.

"Bawa fupi linaongeza mbio," akasema. "Lakini wakati wa kutua, ukipunguza mbio, unaanguka."

Siku ya majaribio ndege ilipaa ikivuma, tukashangilia. Mzee peke yake alikuwa akiutazama uwanja wa kutulia, jinsi ulivyo mfupi.

Jana baba yako alikula amesimama, funguo mkononi. Nikamwambia apunguze mbio.

"Nikipunguza, baba, tunaanguka," akasema, akatoka kuwasha gari.

Babu yako