Igizo la Kumwachisha Kazi Mzee Tluway

Jumatano usiku, Mbulu

Bado nasikia vile vicheko.

Leo tumemaliza mafunzo ya mameneja wa miradi. Mkufunzi alitaka igizo: meneja anamwachisha kazi mtu wake. Mkurugenzi wetu akanichagua mimi niwe meneja, na Mzee Tluway, msimamizi wa mradi wa maji wa Nambis, awe wa kuachishwa. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi nilipohamia kutoka Tanga. Kila asubuhi namwamkia shikamoo.

Nilijitahidi kupita kiasi. Nilimkatiza maneno, nikamwambia afungashe vitu vyake. Ukumbi ulicheka, na yeye akacheka.

Wakati wa chai mkurugenzi alimshika bega. "Mzee, lile halikuwa igizo tu. Mkataba wako hatuendelei nao. Tuliona ukisikia kwa huyu Zaina wako utapokea vizuri."

Halafu akanigeukia mimi. "Mradi wa Nambis sasa ni wako. Hongera."

Nikasema asante. Mzee amesimama pale pale, na mimi nasema asante!

Jioni nilimkuta langoni akingoja gari. Nilianza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, nijibu moja tu. Lile la kwenye igizo, kwamba nanuka ng'ombe, nawaaibisha mbele ya wafadhili. Ni wao walikuambia useme?"

"Ndiyo, mzee."

Akashusha pumzi. "Afadhali," akasema, akapanda gari.

Hakuna aliyeniambia. Nilibuni mwenyewe, kwa sababu watu walikuwa wanacheka.