Fundi Aliyeapa Mara Mbili

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Jumapili, na bado tukisikia geti tunageuza shingo.

Karakanani walikuita Fundi Cheche, kwa vile hukuwa na shati lisilotobolewa na moto wa kuchomelea. Mteja mwenye pupa ulimsogezea kiti: "Kaa, mzee. Chuma hakisikii kelele."

Lakini kisa ambacho Mama hachoki kutusimulia ni cha mwaka ule alipopooza upande wa kushoto. Ndoa yenu ilikuwa na miaka minne tu. Baba Mdogo alikuvuta uani akakuambia, "Kaka, wewe bado kijana. Mrudishe kwao, watu wataelewa."

Ukamjibu, "Mdogo wangu, mimi nilioa. Sikukodi."

Mama aliyasikia yote dirishani. Ulipoingia akakuambia kwa ulimi mzito, "Baba watoto, nenda. Nimekufungua."

Ulichukua kofia ukatoka, naye akageukia ukutani akalia, akijua ndiyo basi tena.

Ulirudi na mchungaji pamoja na wasimamizi wenu wa harusi, ovaroli ingali mwilini. Ukapiga magoti kando ya kitanda. "Siku ile niliapa katika uzima na ugonjwa, na ugonjwa sikuujua," ulisema. "Leo naujua. Naapa tena."

Mchungaji akamgeukia Mama. Naye akajibu kwa nusu ya mdomo, "Nakubali," na msimamizi wake akapiga vifijo hadi majirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Tangu hapo ulimsuka nywele wewe mwenyewe, kwa vidole vyako vilivyoungua. Mistari ilipinda kama barabara ya mlimani, na Mama alikataa katakata kusukwa na mwingine. Sisi ulituambia: mkataba una tarehe ya mwisho, ndoa ni agano, na shahidi wake ni Mungu.

Mwezi uliopita kitinda mimba wako, anayejiandaa kuolewa, alimuuliza Mama ndoa ni nini hasa. "Kristo hakulipenda kanisa siku lilipopendeza tu," alisema Mama. "Hilo mimi sikulisoma, mwanangu. Nililishwa kwa kijiko, miaka ishirini na sita."

Unakumbukwa na mkeo mpendwa, wanao watatu, wajukuu, Baba Mdogo na mafundi wote wa karakana.

Hutatoka mioyoni mwetu, Baba, hadi tutakapoonana.