Waniwekee Mikono Kwanza

Kaka Wanjala,

Salamu za kukutosha wewe na nyumba yako. Mahindi mmeshapalilia? Na goti la Mama linaendeleaje, bado anapanda ngazi za kanisa pale Tuwan akishika ukuta? Mimi huku ni mzima, hata mikono imeacha kupasuka kwa baridi. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Unajua visa yangu ya masomo inaisha mwezi ujao. Kanisa ninaloabudu hapa lilikubali kunidhamini nibadilishe, nibaki kama mhudumu wa dini. Ni wazee wachache, wengi wajane, na tumezoeana. Walihitaji tu barua ya kuonyesha mimi ni mchungaji, ndipo nikakuomba wewe, katibu wa kanisa letu la Kamukuywa.

Barua ilifika ikiwa na muhuri. Umeandika ati niliwekewa mikono ya uchungaji miaka sita iliyopita, ukatia na tarehe. Nikaitazama hiyo tarehe. Si ndiyo siku tulimzika Baba?

Mvua ilinyesha, pasta akakwama kwenye matope akitoka Kachibora, na wazee wakaniambia, "Wewe unajua kusoma, shika maiki." Nilihubiri nikilia. Tangu hapo hata mwenye duka la mbolea huniita Pasta, na mimi huitika. Kwetu nani hukataa heshima? Lakini mkono wa mtu haujawahi kugusa kichwa changu, na wewe ulikuwepo.

Juzi katibu wa hapa, Bi Margaret, mwalimu mstaafu, aliniuliza tukinywa chai ni askofu gani aliyeniwekea mikono. Ningetaja jina lolote. Hakuna ambaye angepanda ndege kuja Kamukuywa kuuliza. Hata maneno yako ya kwenye simu niliyakumbuka: "Bana, si unahubiri? Hayo ni makaratasi tu."

Nikamwambia hakuna. Nikamweleza matope, maiki, na Baba ndani ya sanduku. Akasema barua hiyo hawezi kuituma, na muda wa kutafuta njia nyingine hautoshi. Akanikatia keki, tukala.

Nilikukasirikia siku mbili, imeisha. Najua uliandika kwa kunipenda. Lakini siku ya kumzika Baba sikutaka igeuzwe uongo wa kunipatia kazi, tena kazi ya Mungu.

Tiketi nimekata, nitafika mwisho wa mwezi. Naumia, sitakuficha. Kuna mzee hapa, fundi wa saa, alikuwa amenipa karatasi yenye nyimbo anazotaka niongoze siku ya maziko yake. Jana nimemrudishia.

Nasikia Mama ameshawatangazia akina mama wa Tuwan kwamba mwanawe ni pasta wa Wazungu. Usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe nikiwa nimekaa mbele yake.

Nisalimie shemeji, mke wako, mwambie nimeota ugali wake wa wimbi. Nisalimie dada yetu Nekesa na wanafunzi wake, na mjomba anayetuuzia ng'ombe bila kutuonyesha meno yao tujue umri.

Na wazee wa kanisa wasalimie pia. Waambie kama bado wananitaka, waniwekee mikono kwanza. Tarehe utaandika baadaye.

Mdogo wako,
Simiyu